Hedifoni Moja na Marietha

Mjukuu wangu Paskali,

Marahaba. Shikamoo yako imenifikia hapa Katesh pamoja na barua. Babu yako bado anakohoa, ila yule ng'ombe mwekundu amezaa.

Unasema umeletewa hedifoni sita na darasa lako lina watoto themanini. Unauliza uanze na nani.

Kabla Manyara haijawa mkoa, nilifundisha shule moja ya watoto wa wafugaji huku tambarare. Tuliazimwa hedifoni moja na redio ya kaseti kwa wiki moja tu. Niliwapa kwanza wale waliokuwa wakijibu vizuri. Marietha alikaa nyuma, kimya siku zote, nasi tulimsifu, maana kwetu binti anayenyamaza mbele ya wakubwa ana adabu. Hata niliwaambia wenzake, "Mwigeni Marietha."

Zamu yake ilifika Ijumaa. Betri zilikuwa zinaisha, nikaongeza sauti hadi mwisho. Kaseti ikasema, "Hamjambo, watoto?" Marietha akashtuka, akaibana hedifoni kwa mikono miwili, akajibu kwa nguvu, peke yake, "Hatujambo!"

Darasa zima likacheka. Mimi nilishindwa kucheka. Kumbe mtoto alikuwa mzito wa kusikia.

Jioni ile hedifoni ilirudishwa kwa wenyewe. Mwaka uliofuata Marietha hakuja tena shuleni, alikuwa ameshaolewa.

Paskali, miaka mitatu nilimsalimia kila asubuhi kwa maneno yale yale. Iliyojibiwa ni kaseti.

Bibi yako anayekuwaza