Mama Magesa ni Nani

Jumatano, 2 Julai 2025

Mgeni amefika. Florian, kijana wa kampuni ya vitabu, ametoka Dar. Viatu vyeupe! Vumbi la Nyakato yetu, si ile ya Mwanza, limevimaliza kabla hajapiga hodi. Amekuja kuandika maisha ya bibi, maisha na kazi zake, ndivyo anavyosema. Atakuwa naye mpaka sherehe ya Bunda. Shule moja kule imejenga maktaba na inaipa jina lake. Wegesa, ukutani, kwa rangi ya mafuta.

Nikawapelekea chai. Bibi akamwambia, wala hakuniangalia, kwamba huyu ni Wankyo, anatusaidia hapa nyumbani.

Anatusaidia! Nimesaidia kumzaa Magesa. Nimesaidia kumzaa Dorotea. Ng'ombe walitoka zizi la huyu bibi wakaenda Kiabakari kwa baba yangu, mimi nikaja kuwa mke wa nyumba hii. Mke wa mwanamke, ndiyo. Hakujaliwa mtoto, akaoa. Kwetu huku si siri wala si aibu, ni nyumba ntobhu, kila mtu anaijua. Ameoa yeye, nimezaa mimi, na watoto ni wa nyumba yake. Hilo nililijua nikiingia na sikulalamika.

Lakini watoto walitakiwa wamwite bibi, mimi waniite mama. Yeye hakutaka. Mwandishi wa watoto hawezi kuwa bibi! Akawafundisha kumwita Mama, mimi wakaniita Wankyo. Sasa mtaa mzima Mama Magesa ni yeye. Mimi niliyepasuka kwa Magesa sijaitwa Mama Magesa hata na muuza dagaa.

Chai yake sikuweka sukari. Anaipenda tamu. Ameinywa yote mbele ya mgeni, anatabasamu. Nimefurahi sana.


Ijumaa, 4 Julai

Kutwa nzima ni habari za kazi. Wamekaa barazani, simu ya Florian mezani inarekodi. Nikapeleka ungo wangu wa dagaa hapo hapo karibu nikachambue. Makusudi.

Bibi amesimulia alivyoanza. Mwalimu wa darasa la pili huko Butiama, watoto wengi, vitabu hakuna. Akawa anaandika hadithi kwenye stensili, mashine ya shule inachapa, watoto wanakwenda nazo nyumbani mpaka zinachakaa. Hiyo ni kweli, sitamnyima. Halafu kampuni ikamtafuta. Mwaka mmoja kitabu kimoja, mara viwili, mara vitatu, leo vimejaa rafu nzima. Hata akiwa na homa anaandika, alisema. Kweli pia. Nani alikuwa anapika hiyo siku ya homa? Florian hakuuliza.

Akauliza anayatoa wapi hayo yote. Bibi akasema: kwa wanangu.

Dagaa ziliniponyoka.

Nitaandika hapa kuhusu uji, kwa sababu yeye hakumwambia. Magesa alikuwa mdogo, ndiyo kwanza anaanza kukimbia. Nimekwenda bombani. Narudi nasikia kelele, naingia mbio — uji umemwagikia mkono mzima, mtoto anaruka. Na yeye ameinama mbele yake. Na kalamu! Anaandika mtoto anavyolia. Neno gani limetangulia, neno gani limefuata. Nilimsukuma akaangukia kabati. Kovu la Magesa lipo mpaka leo, na kitabu kipo. Uji wa Kadogo. Kinasomwa nchi nzima, watu wanasema hakuna anayemjua mtoto akilia kama Mama Wegesa.

Kwenye kitabu mama anayembeba mtoto kumkimbiza zahanati ni mrefu, amevaa miwani. Mimi ni mfupi. Sina miwani.

Mimi nimo lakini. Nimo karibu kila kitabu! Mimi ni Dada Moshi. Yule mfanyakazi anayeunguza ugali, anayeogopa simu, anayefagia vumbi kutoka chumba hiki kwenda kile. Watoto wanacheka mpaka wanalia. Nikipita hapa shuleni Nyakato wananiimbia, Dada Moshi, Dada Moshi, na wala hawajui kuwa ni mimi kweli. Wanaimba tu kwa sababu nimebeba kuni.


Jumapili, 6 Julai

Butiama. Florian alitaka kuona alikozaliwa bibi. Nikapelekwa na mimi, nani angebeba kikapu cha chakula?

Kwa kaka yake, Leodgar, tumepokelewa vizuri. Kuku, ugali wa mtama. Huyu mzee hajui kuficha jambo, na leo nimempenda kwa hilo. Florian alipomuuliza habari za familia ya bibi, akanishika bega.

"Huyu ndiye mke wa dada yangu," akasema. "Ng'ombe nilizipeleka mimi mwenyewe Kiabakari. Nilikuwaga na nguvu wakati huo."

Kijana wa watu! Kijiko kilibaki hewani. Akaniangalia mimi, akamwangalia bibi, akaangalia sahani. Halafu akasema taratibu kuwa hayo ni mambo yetu binafsi, yeye hahukumu mtu, na hataandika chochote cha kutuletea matatizo.

Hakuna aliyemwelewa. Leodgar alimuuliza matatizo gani, ng'ombe zilikamilika. Mimi ndiye niliyeshtuka kwanza. Alidhani tunalala kitanda kimoja! Nilicheka, nikashindwa kujizuia, nikatoka nje. Huko nje nikamwita Florian, nikamweleza mwenyewe: ni mambo ya uzao tu, mtu hana mtoto, nyumba yake isife. Alikuwepo mwanaume wa kuzaa naye, mtu wa Suguti, mvuvi, bibi alimkubali na mimi nilimkubali, marehemu sasa. Mimi nina chumba changu, yeye ana chake, na katikati kuna ukuta, na mimi ningependa ukuta huo uwe mnene zaidi.

Akashusha pumzi. Akasema hiyo ni habari nzuri sana! Nikafikiri, haya, Mungu yupo.

Tulipoingia ndani akaomba ruhusa aiandike. Bibi akafuta mdomo. Akasema vitabu vyake viko mashuleni, wazazi wa mikoa mingine wakisoma kuwa Mama Wegesa ana mke watafikiri kama yeye Florian alivyofikiri sasa hivi, hapa mezani, na kesho vitabu vinatolewa madarasani. Florian akaizima simu. Akasema kweli, Mama ana hoja.

Ana hoja! Hoja anazo siku zote, ndiyo kazi yake. Nimefutwa kwa hoja nzuri kabisa, huku nakusanya sahani.


Jumatatu, 7 Julai

Simsemeshi. Hanisemeshi. Ugali nimeusonga mwepesi, anauchukia. Amekula na kijiko.


Jumatano, 9 Julai

Dorotea amekuja kutoka chuoni. Amekonda. Nimemkaangia sato mzima, amekula na kichwa, nimemkalia mbele nikimtazama tu. Mwanangu. Akanawa akasema ahsante Wankyo, akaenda kwa mama yake.

Wamejifungia chumba cha kuandikia. Nikafagia korido. Nimefagia korido ile ile mpaka imeng'aa! Jumamosi, Bunda, hotuba zikiisha mtoto wa mwisho atapanda jukwaani amtunze mama yake. Amvishe kitenge mabegani, aseme maneno machache, watu wapige vigelegele. Maneno machache yameandikwa. Na nani? Na bibi mwenyewe! Amejiandikia shukrani zake, Dorotea anakaririshwa.

Nikasikia mtoto anasoma: Mama, ulinibeba tumboni.

Bibi akamkatiza. Akamwambia asikimbie hapo, avute pumzi baada ya tumboni, watu wapate nafasi ya kuguswa.

Nikaweka ufagio chini. Dorotea alikaa tumboni mwangu vibaya, mgongo ukaniuma miezi yote, nikajifungua hospitali ya mkoa mvua inanyesha na yeye bibi alikuwa Dodoma kwenye semina ya waandishi. Tumboni!

Jioni nilimfuata Dorotea uani anakoanua nguo. Nikamuuliza kama ataisoma ile karatasi. Hakuniangalia.

"Mimi nisome nini sasa?" akasema. "Mama anasemaga ni hadithi tu. Kila mtu anajua ukweli."

Nikamwambia kama kila mtu anajua, mbona hakuna anayesema. Akakunja shuka, akakunjua, akakunja tena. Akaingia ndani.

Nikampigia Magesa, Mwanza. Nikamweleza yote. Alikuwa anatafuna kitu. Akasema, "Wankyo, Mama ni mzee. Usituharibie." Akaniuliza kama ninahitaji vocha.

Namchukia yule bibi. Naandika mara moja nipumzike: namchukia. Angeninyima chakula ningevumilia. Angenipiga ningerudi Kiabakari. Lakini amechukua neno moja tu, dogo, ambalo hata mwanamke asiye na kitu analo, na amelivaa kila siku mbele yangu kama khanga yangu.


Jumamosi, 12 Julai

Bunda. Naandika nikiwa darasani, darasa la kwanza, madawati madogo. Mwandiko utakuwa mbaya.

Nianze vizuri. Nililetwa nisimamie pilau. Nyuma ya madarasa, mafiga, masufuria makubwa, mimi na akina mama wa kamati ya shule. Kutoka pale unaona jukwaa kwa pembeni. Bibi katikati, gauni la zambarau, Magesa kulia kwake na suti. Mwanangu hakuja kunisalimia. Alipunga mkono.

Wanafunzi wakacheza igizo kutoka vitabuni. Mtoto mmoja amepakwa masizi usoni, amefunga kilemba upande, anaunguza ugali. Dada Moshi! Uwanja mzima ulicheka. Akina mama wenzangu wa masufuria nao walicheka, na mimi nilicheka. Nisingecheka wangeniuliza kwa nini.

Hotuba. Ofisa elimu. Florian. Utepe ukakatwa. Halafu MC akamwita mtoto wa mwisho aje kumtunza mama.

Dorotea akapanda na kitenge mkononi na ile karatasi. Alipendeza. Akasoma: Mama, ulinibeba tumboni. Akavuta pumzi kama alivyofundishwa.

Hakuendelea.

Watu walifikiri analia, wakapiga makofi kumtia moyo. Bibi alikuwa ameshainamisha mabega avishwe! Dorotea akakunja karatasi. Akateremka. Akapita mbele ya meza kuu, akampita Magesa, Magesa alinyoosha mkono amshike akamkosa. Nikadhani anakwenda chooni. Naapa, nilidhani anakwenda chooni. Akaja hadi kwenye moshi, viatu vyake vizuri vinakanyaga majivu, mimi nimeshika mwiko, mafuta mpaka kwenye viwiko.

"Mama," akasema. "Weka chini nikuvishe."

Mwiko sikuuweka, uliniponyoka. Akanivisha. Akanifunga vizuri, akaninyoosha na ukosi. Akina mama wa kamati walianza vigelegele kabla hawajajua wanashangilia nini. Nililia. Nimelia mbele ya watu wa Bunda wote, makamasi, na sijali.

Hapo ningefunga daftari nikafe kwa raha. Lakini maiki anayo bibi!

Amesimama. Uwanja mzima wanamwangalia yeye, wananiangalia mimi. Nikasema sasa. Sasa atasema. Akatabasamu kwa watoto, akaanza na ile sauti yake ya kusimulia. Akasema: mnaona, watoto? Hivi ndivyo nilivyowalea wanangu. Hata mpishi wanamwita mama. Hata mpishi wanamvisha kitenge. Nendeni nanyi mkawaheshimu wanaowapikia.

Makofi! Mpaka ofisa elimu alisimama. Florian amepiga picha, nimesikia akisema hiyo ndiyo itafungua kitabu. Dorotea alikuwa bado amenishika mkono, nikausikia unakuwa baridi. Akasema, Mama, sikujua atafanya hivyo. Nikamwambia mimi nilijua.

Sikujua.

Nikaja kujificha humu. Daftari lilikuwa kwenye kikapu chini ya bizari. Nimeandika mpaka hapo juu, mlango ukafunguka. Ni yeye. Peke yake, na fimbo yake. Ameufunga mlango nyuma.

Nilifikiri amekuja kunitukana. Ningefurahi! Ningejibu. Nina majibu ya kutosha mpaka Jumatatu. Amekaa dawati la mbele yangu, magoti hayaenei. Ametoa kalamu. Ameuliza Dorotea alisemaje pale kwenye masufuria, kwa sababu kutoka jukwaani hakusikia. Neno kwa neno. Na mimi nilijisikiaje, kwanza tumboni au kwanza kooni.

Hana hasira hata kidogo. Anakitaka kitabu kingine.

Ameona naandika. Hakuuliza ni nini. Ameangalia tu mkono wangu unavyokwenda, ameangalia muda mrefu.

Nimemwambia nitamweleza yote. Kila neno, na tumbo, na koo, atachagua mwenyewe. Ila kwanza aniite.

"Wankyo," akasema.

Nikamwambia sijaja duniani na hilo peke yake. Aniite kama mwanamke anavyoitwa na jirani zake, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Humu ndani hakuna Florian, hakuna mzazi wa mkoa mwingine, hakuna shule itakayorudisha kitabu. Tuko wawili.

Nje wanagawa pilau, wanagombania ukoko. Magesa anatuita, anauliza kama kuna mtu ameona Mama alikokwenda. Hakuna aliyeitikia humu.

Naandika ili nisimtazame. Kalamu yake iko juu ya karatasi, haijagusa. Amefungua mdomo. Amefunga. Rafu nzima ya vitabu!

Amesema, "Mama."

Nangoja jina.