Pembe za Nyumba ya Mholanzi

Kadutu, Bukavu, tarehe 11 Agosti 1956

Papa yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na mama, na ng'ombe pia, maana najua wewe huwaulizia kabla ya watu. Je, kifua kimepoa? Mimi mwili ni mzima, ila moyo hautulii.

Adolphine, mtoto wa shangazi, atakusomea barua hii. Asiisome mwingine, hata katekista.

Nilikwambia juu ya Bwana Mholanzi, mwenye shamba la kwinini. Zamani alikaa Sumatra, kisiwa cha mbali, kwa watu waitwao Minangkabau. Alituonyesha picha ya jumba la wafalme wao: la mbao tupu, limesimama juu ya nguzo, kuta zimechongwa maua, na paa linapanda huku na huku kama pembe za ng'ombe. Akataka la namna hiyo hapa juu ya ziwa. Sisi maseremala tulicheka, kisha tukaanza kazi. Papa, ni zuri! Ungeliona ungesahau kunikemea.

Lakini nyasi za kuezekea ziliteleza kwenye zile pembe. Kila upepo wa ziwa ulizishusha, na Bwana akatishia kutufukuza sote. Basi nikazifunga kwa fundo lako nililoliona utotoni, wewe mfunga paa wa mfalme wetu, lile la kilele cha nyumba ya Mwami peke yake. Nilijiambia, nani mjini atalijua? Majuto ni mjukuu.

Juzi walikuja wazee wawili wa baraza la Mwami kutazama. Mmoja, Muzee Apollinaire, alisimama chini ya pembe, kisha akauliza ni nani anamujengea mwami mwingine na mwami wetu iko muzima. Wewe wajua kuliko mimi: mfunga paa anayempa mtu mwingine fundo lile hufukuzwa nchini.

Akaniuliza kama mimi ni mutoto wa Grégoire. Hakunijua, kwa kuwa nilikwenda misioni ningali mdogo. Papa, nilikukana. Nilisema baba yangu alikuwa mtu wa Bunyakiri, na amekufa. Kumtamkia mzazi kifo! Tangu hapo naogopa hata kulala.

Hakuniamini sana. Wanakuja kwako. Wakikuuliza juu ya mwanao Firmin, sema ulimzika, wasije wakasema fundo limetoka kwako. Mama akilia mbele yao, usimnyamazishe.

Wasalimu wote hapo nyumbani, lakini usiwaambie salamu zimetoka kwa nani.

Mimi mwanao,
Firmin