Kwa Nini Sikumpeleka Mangi Mahakamani

Mbwawa, Kibaha

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na baridi ya huko Upareni haijakufungia ndani. Mama naye apokee shikamoo yake. Sisi huku wazima, mimi na wajukuu zako, tunatoka jasho tu kama kawaida ya Pwani.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize sentensi. Juzi niliposema tu, "Baba, nimegombana na mwenye gari," ukadakia, "Mpeleke mahakamani, namuuza ng'ombe leo leo!" Kisha salio likaisha. Tafadhali, kama ng'ombe bado yupo zizini, mwache hapo hapo mpaka umalize kusoma.

Mambo yalikuwa hivi. Mwenzetu wa kwaya alikuwa anaolewa Msimbu, huko ndani ndani Kisarawe, nami nikajitolea kutafuta usafiri. Nikakodi Noah kwa Mangi, Mchaga mmoja mwenye duka hapa mtaani anayekodisha na gari. Akataka nimwachie kitu cha dhamana, nami kwa kiherehere changu nikamwachia cherehani. Nilijua ni ya siku moja tu.

Tulifika salama, tukaimba, tukala pilau la kushiba. Tulipotoka tukamkuta ng'ombe wa wafugaji wa jirani, ana pembe hizo, anajikuna shingo kwenye ubavu wa Noah, amefumba macho kabisa kwa raha. Kwaya nzima tulimfukuza kwa kelele ambazo mwalimu wetu hajawahi kuzisikia kanisani. Lakini pembe ilikuwa imeshachora gari kuanzia mlango wa mbele hadi karibu na taa ya nyuma.

Mangi alipouona mkwaruzo ule alishika kichwa. Nikamwambia tulikubaliana nitalipia ajali ya barabarani, na gari lilikuwa limeegeshwa, tena uani kwa watu. Akasema, "Dada, mimi nilikupa gari zima. Mambo ya ng'ombe kayamalize na ng'ombe." Cherehani yangu ikabaki nyuma ya kaunta yake, na juu yake akapanga trei za mayai.

Baba, damu yetu ya Kipare ya kupenda kesi ilinichemka. Nilishaanza kuhesabu mashahidi: wanakwaya, bwana harusi, mwenye ng'ombe. Nilijiona kabisa nimesimama mbele ya hakimu na kitenge changu kipya. Ila asubuhi nilipofika kwenye kibanda changu cha kushonea nikawakuta akina mama wamekaa kwenye benchi, wanasubiri sare za watoto na shule zinakaribia kufunguliwa. Nikaona aibu. Kesi ningeishinda, sikatai. Lakini cherehani ingekuwa kielelezo mahakamani, na kielelezo hakishoni sare.

Nikaenda kwa mwenyekiti wetu wa mtaa, Mama Mwajuma, Mzaramo mtu mzima asiyependa maneno mengi. Akamwita Mangi. Tukabishana mbele yake mpaka koo zikatukauka.

"Mama mwenyekiti, huyu ni Mpare," Mangi akalalamika. "Ukimwendekeza tutafika mahakama ya rufani kwa ajili ya mlango mmoja."

"Na huyu ni Mchaga," nikamjibu. "Angekuwepo Msimbu angemtoza yule ng'ombe hela ya kujikuna."

Mama Mwajuma akavua miwani. "Kumbe nyie watani! Mnanimalizia asubuhi yangu bure na maharage nimeyaacha jikoni. Mangi, gari lako lina shida gani nyingine zaidi ya rangi?"

Mangi akafikiri. "Viti vimechanika, mama."

"Na wewe Namsifu, kazi yako nini?"

"Kushona."

"Basi yameisha. Mangi atapaka rangi mwenyewe. Wewe utamshonea vitambaa vya viti vyote. Kuna mwenye neno?"

Mangi akasema hana neno, ila anavitaka Jumamosi. Nikamwuliza kama anataka nivishone kwa meno. Watu waliokuwa mlangoni walianza kucheka kabla yeye mwenyewe hajaelewa. Mchana ule ule aliniletea cherehani kwa Noah ile ile, akaibeba mwenyewe hadi ndani, na mayai ya kunipa pole juu.

Nimemshonea kitambaa cha mabaka meusi na meupe. Anakisifia mtaa mzima. Bado hajajua kwa nini vijana wakimwona anapita wanamwuliza bei ya maziwa.

Sasa Baba, nikuambie kilichoniuma. Kesi yako na jirani ya kugombania mgomba ule wa mpakani ilikuwa imeshatumalizia ng'ombe mmoja baada ya mwingine, ikawa inamngojea wa mwisho aliyebaki wakati ule. Wewe ukampeleka mnadani, ukarudi na cherehani. Hukueleza chochote. Ulisema tu, "Shona." Ni ng'ombe huyo peke yake katika nyumba yetu aliyenusurika na mahakama, na ndiye anayetulisha mimi na wanangu hadi leo. Nilipoiona cherehani ile chini ya mayai ya Mangi nililia, Baba. Nisingeweza kumpeleka na huyo mahakamani.

Nisalimie mama, dada mkubwa anayewatunza, na shangazi wa kule bondeni, mwambie gauni lake nalishona wiki hii.

Halafu nisalimie jirani yetu Mzee Kiondo. Najua siku hizi mnaonana mahakamani tu. Mwambie mgomba wenyewe ulishaanguka, ni kesi tu ndiyo bado imesimama, na umkaribishe nyumbani mnywe chai ya maziwa ya huyo ng'ombe uliyetaka kumuuza kwa ajili yangu. Ukiona uzito kumwambia kwa mdomo, mpe barua hii juu ya ukuta wa mpaka aisome mwenyewe.

Mwanao akupendaye,
Namsifu