Umbo la Mkono wa Baba

4 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Shikamoo yako najua iko njiani, naipokea mapema isije ikanipita. Huko hamjambo na hiyo baridi? Mimi mzima. Tangu kile kiharusi, mkono wa kushoto umekuwa kama mgeni: upo, lakini mpaka uubembeleze. Huu wa kulia ndio unaokuandikia. Ulimi daktari kasema haukuguswa, na kinyozi jirani yangu amesikitika sana.

Karakana haijafungwa. Siku hizi natengeneza masanduku ya gemu, yale ya kuchezea umesimama, fimbo mkono wa kushoto na vitufe mkono wa kulia. Mbao hazinisumbui. Kinachonisumbua ni kile kibao kidogo kinachokaa chini ya fimbo na kuizuia isiende ovyo. Kinyozi anataka chenye tundu la mraba, anapenda kuigongesha fimbo kwenye kona. Fundi viatu anataka la mviringo. Kila akija mmoja nalipindua sanduku, nafungua skrubu, nazipoteza kwenye maranda. Kiwandani kwenu kuna mashine ya kuchapa plastiki. Nichoree vibao vya kubadilisha bila bisibisi, tena kwa mkono mmoja.

Mkono mmoja, umenielewa.

Baba yako


2 Aprili

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo, baridi ndiyo haina adabu. Kuhusu ulimi wako, sikuwa na wasiwasi hata kidogo.

Kwenye kifurushi kuna pete moja na vibao vitatu. Pete ifunge chini ya fimbo mara moja, kisha isahau. Kibao unakisukuma ndani ya pete na kukizungusha kidogo mpaka usikie kimeshika. Kutoa ni kuzungusha upande wa pili. Cha mraba mpe kinyozi, cha mviringo fundi viatu. Hicho cha pembe nane ni cha watu wasiojua wanachotaka.

Sasa langu. Chumba chako kipo tayari, kina dirisha kubwa na hakina ngazi. Wewe na msumeno wa umeme na mkono mmoja, Baba, mimi usingizi siupati. Uza vifaa uje tuishi wote. Nijibu ndiyo au hapana, usinizungushe.

Mwanao


10 Mei

Mwanangu,

U mzima? Unakula, au unakunywa chai tu kama zamani?

Vibao vimefika na vinabadilika kama kufunga kifuniko cha chupa. Fundi viatu ameanza kumfunga kinyozi, na mtaa mzima umeshajulishwa, aliyejulisha ni fundi viatu.

Mimi tu ndiye sijapata changu. Nikisukuma fimbo kushoto, swichi inayoguswa na fimbo inalia, lakini fimbo inaendelea kuelea na mkono haujui kama umefika. Kurudi nachelewa. Kinyozi naye ameanza kuniachia nishinde. Tumechezea fimbo hizi tangu ana nywele, hajawahi kunihurumia, na huruma hiyo inaniuma kuliko mkono wenyewe.

Kwa hiyo nimejipima. Nilitoa kibao, nikafunga penseli kwenye ncha ya chini ya fimbo, nikaweka karatasi, nikaizungusha fimbo mpaka pale mkono unapokomea. Limetoka umbo la yai lililobonyea upande mmoja. Karatasi ndiyo hii. Nichapie tundu hilohilo. La chumba nitakujibu nikishacheza na kinyozi kama watu wazima.

Baba yako


8 Juni

Shikamoo Baba,

Nakula, na chai nakunywa. Karatasi yako niliitazama mpaka machozi yakanitoka. Mkono huo ndio ulionishika nilipojifunza baiskeli, na sasa wote unaenea kwenye karatasi ndogo hivi.

Kibao hiki hapa. Usijichoshe, Baba. Jibu langu bado nalisubiri.

Mwanao


1 Julai

Mwanangu,

Natumaini hujambo.

Seremala hatoi kipimo akabaki mikono mitupu. Nilikuwa na nakala, nikalaza kibao chako juu ya mstari wangu. Umepunguza pande zote. Kushoto fimbo inagota kabla swichi haijalia, kwa hiyo kwenye gemu mtu wangu hawezi kwenda kushoto kabisa. Kinyozi alicheka kwanza, halafu akatazama pembeni.

Kile nilichobakiwa nacho nilikupimia mwenyewe. Mbona umekipunguza tena?

Baba yako


15 Septemba

Shikamoo Baba,

Nimeandika mara mbili hukujibu. Kinyozi ameniambia kwa simu kwamba unakula na unagomba, nikashukuru kwa yote mawili.

Mwanzo nilijiambia nimepunguza ili mkono upumzike. Si kweli. Moyoni nilitaka ushindwe. Nilidhani ukishindwa utachoka na karakana, utafunga, utakuja kwangu. Sikujua nimekukosea kiasi gani mpaka ulipoandika kuhusu mtu wako asiyeweza kwenda kushoto. Nisamehe, Baba.

Kibao kipya hiki. Nimefuata penseli yako, sikuongeza wala kupunguza. Jibu la chumba sitakuuliza tena.

Mwanao


20 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, marahaba, ya hii na zile mbili. Sikujibu kwa kuwa nilikasirika, na hasira za mtu wa umri wangu hazipoi upesi. Sasa zimepoa. Ulitaka baba yako awe karibu, nani atakufunga kwa hilo? Umesamehewa siku nyingi, kalamu ndiyo ilikuwa mvivu.

Kibao kimekaa. Swichi inalia, fimbo inagota, mkono unajua umefika na unarudi. Jana nimecheza na kinyozi, akanifunga mchezo baada ya mchezo. Lakini alitoka jasho, na hakuniachia hata mmoja. Nilirudi nyumbani naimba.

Msumeno wa umeme nimempa jirani mwingine. Yeye anakata, mimi naunga, kwa hiyo ulale.

Hukuuliza, lakini nakujibu. Hapana, mwanangu. Nitakuja kukutembelea, nitakula chakula chako na kukisema, kisha nitarudi kwenye karakana yangu. Huu mkono huenda ukapungua tena, sijidanganyi. Siku hiyo nitafunga penseli nijipime upya, na karatasi nitakuletea wewe, si mtu mwingine. Wewe kata palepale penye mstari.

Baba yako