Ufa Nyuma ya Picha

Shoga, acha unachofanya usome hii!

Si unajua leo ni maonyesho ya picha za dada pale ukumbi wa maigizo? Asubuhi ukutani kulikuwa na ufa mwembamba kama uzi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini meneja yeye akasema uzibwe na picha! Dada akatundika ile yake kubwa.

Saa tisa akaiona imelala upande. Akainyoosha. Haikupita nusu saa, imelala tena! Akaishusha. Ufa unaingia kidole. KIDOLE, shoga!

Baba mdogo, si ni fundi mwashi, akaweka kiganja ukutani. Kisha akasema polepole, "Mwanangu, toa watu."

Dada akapiga kelele, "Tokeni nje!" Wageni wakatoka wanacheka. Meneja akamjia juu: "Ukuta huu umesimama tangu hujazaliwa. Usituharibie shughuli!" Akaitundika picha mwenyewe, palepale.

Na watu wamerudi ndani. Wamerudi! Dada yuko barazani anawaita watoke, baba mdogo anabishana mlangoni.

Mama yako naye karudi, kakaa mkabala na ukuta ule. Nimemvuta mkono, kagoma, eti namtia aibu. Wewe ndiye anayekusikia. Mpigie sasa hivi.