Kuvua Kaki

Jumatatu, 12 Mei
Kupanga mashati tangu asubuhi. Tuliagiza marobota kumi na mawili, yamekuja sita. Sare ya kaki ya walinzi inatoka, bluu inaingia. Masika hayaishi, stoo nzima inanuka unyevu. Afande Mhina, mkuu wa walinzi, kapita na agizo: nigawe lindo kwa lindo. Kituo kimoja kivae chote ndipo kingine kifuate.
"Jeshini tulivua kombania nzima siku moja, Dada Mwanaidi. Mlinzi asiyemtambua mwenzake ni hatari."
Nimeitikia. Kichwa kinauma.

Jumanne, 13 Mei
Watu wanene, mashati membamba. Sijampa mtu hata mmoja na tayari naambiwa napendelea. Nimechoka na nyuso zao dirishani.

Alhamisi, 15 Mei
Nimevunja agizo. Salehe, mlinzi wa mchana wa ghala la mkonge, alikuja mvua ikimnyeshea. Shati lake la kaki limechanika mgongoni, kalibana kwa pini. Anaona haya kupita mbele ya wakwe zake. Nikampa bluu. Waliokuwa nyuma yake wakaona. Nimnyime nani? Nikagawa mpaka mikono ikafa ganzi. Hakuna lindo lililokamilika.
Mzee Hoza, anayelinda ghala hilohilo usiku, yuko kwao Muheza mapumzikoni. Anarudi kesho. Hajui kama sare zimeanza kutoka. Nimpigie simu.

Jumamosi, 17 Mei
Sikumpigia. Jana nilirudi nyumbani nikalala na viatu.
Salehe kavunjika mkono. Jana jioni basi la Muheza lilichelewa, Mzee Hoza kafika Salehe keshaondoka. Leo Salehe aliwahi zamu alfajiri. Maji yamejaa mbele ya ghala, akazungukia mlango wa nyuma. Bluu ikilowa gizani ni nyeusi; Mzee Hoza, anayejua kaki tu, kaona mtu wa nguo nyeusi anaingia. Kaita. Mvua inapiga bati, Salehe hakusikia. Rungu likashuka.
Nimekwenda hospitali. Salehe analaumu mvua. Afadhali angenilaumu mimi. Mzee Hoza alikuwa kwenye benchi nje, kaki imemgandia mwilini. Shikamoo yangu kaiitikia kwa shida.
"Nilidhani mwizi, mwanangu. Miaka minne tunakunywa chai pamoja, nikampiga vile."
Akalia. Nilikuwa na la kumwambia. Nikamnunulia chai, nikaondoka nalo.

Jumatatu, 19 Mei
Mkurugenzi anataka Mzee Hoza aondoke. Uzee, wanasema. Macho. Nikaulizwa kama sare ziligawiwa kwa utaratibu. Nikajibu nitaangalia daftari. Hakuna cha kuangalia. Woga tu.

Jumanne, 20 Mei
Nimeandika maelezo, ukurasa mmoja. Kwamba niliambiwa lindo kwa lindo, nikagawa ovyo. Kwamba Mzee Hoza hakuarifiwa, na wa kumwarifu nilikuwa mimi. Afande Mhina kasoma amesimama. Akakaa, akasoma tena.
"Stoo utaikosa. Unalijua hilo?"
Nalijua.

Ijumaa, 23 Mei
Mzee Hoza kabaki, kahamishiwa zamu ya mchana. Mimi nimekabidhi funguo. Miaka saba kwenye chumba kile, nimetoka na kikombe na kanga. Nimepewa nafasi ya Salehe pale ghalani mpaka apone. Nimekwenda kwa Mzee Hoza nyumbani nikamweleza yote kwa mdomo wangu. Akasema nimechelewa, lakini nimefika. Sikujua kama amenisamehe. Sikuthubutu kuuliza.

Jumapili, 25 Mei
Zamu yangu ya kwanza. Mvua imekata. Mzee Hoza upande ule wa geti, mimi upande huu, wote bluu. Saa nne nyayo zikaanza kuwaka moto. Sikusema, ila ameona.
"Usisimamie miguu yote miwili, mwanangu. Pumzisha mmoja, kisha mwingine. Usingoje uchoke."
Nikajaribu. Inasaidia kidogo. Lori la mkonge likaja, tukafungua, likapita, tukafunga.