Baharini Antibes, Bado Tumefungwa kwa Kamba

Mama Chepkoech,

Chamgei kutoka Antibes, Ufaransa! Leo binti yetu amenileta bandari ya zamani, kwenye boti ya kifahari ya yule tajiri anayempikia. Nilipanda kwa maringo, kofia kichwani, utadhani boti ni yangu. Maji yakatikisika kidogo tu, nikamshika nahodha shati na kupiga kelele, "Polepole, dereva!"

Chepkoech akaninong'oneza, "Baba, bado tumefungwa kwa kamba."

Hapo nikatapika kwenye mbao zinazong'aa. Wenzake wote wakiangalia, Chepkoech alinishika kichwa, akawaambia, "Huyu ndiye babangu." Aibu yote ikaniisha.

Nimekukumbuka sana. Majirani wakiuliza, waambie nilivuka bahari vizuri.

Baba Chepkoech